Jinsi Nilivyomsafisha Babu

Kuna watu wanaojisifu kwa nguvu, wengine kwa mali, wengine kwa watoto waliofaulu mtihani. Mimi nilijisifu kwa masikio. Nilikuwa mwalimu wa fizikia katika shule moja ya upili karibu na Kiogoro, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, na nilimwambia kila aliyenivumilia kwamba nina uwezo wa kusikia waya ukichoka. Walimu wenzangu walikuwa na redio. Mimi nilikuwa na mtambo: mashine ya kuchezea diski niliyoinunua kwa mzungu wa kujitolea aliyekuwa akirudi kwao, amplifaya ya zamani iliyonuka vumbi la moto, na spika mbili kubwa kama vizimba vya kuku. Mke wangu alisema afadhali angeolewa na mlevi, kwa sababu mlevi mwishowe hulala.

Kwa hiyo diski ya babu ilipofika, hapakuwa na mjadala. Ililetwa kwangu.

Miaka mingi nyuma, mtafiti mmoja kutoka ng'ambo alipita kwetu Gesima na mashine ya kurekodi, akawakalisha wazee waliojua kupiga obokano, kile kinubi chetu kikubwa cha nyuzi nane, akaondoka na sauti zao. Babu alikuwa mmoja wao. Babu akafa. Mtafiti tukamsahau, kama tunavyowasahau watafiti wote. Halafu siku moja bahasha ikafika kwa posta katika shule ya msingi ya pale kijijini, na ndani yake mlikuwa na diski ya kung'aa yenye wazee kumi na mmoja. Babu alikuwa nambari saba.

Nyanya, mjane wake, alikuwa bado hai, ingawa daktari alishatuita pembeni akatuambia kuhusu moyo wake yale ambayo madaktari huyasema kwa sauti ya chini. Aliishi Gesima katikati ya majani chai, katika nyumba isiyo na umeme. Habari ya diski ilimfikia kabla hata sijaitoa kwenye karatasi yake. Akaniita.

"Mume wangu mdogo," alisema. Kwetu nyanya na mjukuu hutaniana hivyo, na mke wangu aliitwa mke mwenza hadi akazoea. Kiswahili nyanya hakukijua; maneno yake nayaleta hapa kutoka lugha yetu, Ekegusii, na mengi yanapoteza makali njiani. "Nimesikia mmemfungia omogaka ndani ya kisahani." Omogaka ni mzee, mwenye nyumba, na yeye hakuwahi kumwita babu kwa jina lingine. "Nataka kumsikia kabla sijaenda. Nikienda bila kumsikia, nitakuwa nakuja kukuuliza usingizini."

Nikamwahidi wiki mbili. Ilichukua miezi mitano, na hili ndilo ungamo lenyewe.

Ni lazima niseme jambo moja kuhusu nyumba yetu. Sisi ni Waadventista, na si wa kutania. Nyanya alibatizwa kabla mimi sijazaliwa, na alipotoka majini alimwambia babu achague: obokano itoke nyumbani, au atoke yeye. Ilikuwa ala ya pombe na kucheza ngoma, na kanisa lilikuwa halitaki hata kuiona ikiwa imetundikwa ukutani. Obokano ikatoka. Babu akawa anaenda kuipiga kwa rafiki yake, na sisi wajukuu tulikatazwa kumfuata huko. Tulikua tukijua nyimbo za kitabuni kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, na obokano tukiijua kwa kuisikia kwa mbali tu, na kwenye redio ya mkono iliyokuwa ikikoroma yenyewe hata bila muziki. Haya nayasema sasa. Wakati ule hayakunipitia kichwani hata kidogo, kwa sababu kichwa kilikuwa kimejaa fizikia.

Niliiweka diski asubuhi moja ya Jumapili, nikaenda moja kwa moja hadi nambari saba. Kwanza babu akakohoa. Nywele zilinisimama, kilikuwa kikohozi chake kabisa, kile cha kumwarifu mtu kwamba amechoka kungoja. Halafu akapiga uzi wa kwanza, na pamoja na ule uzi ukaja mkwaruzo. Ulikuwa mnene, wenye kutetemeka, umeng'ang'ania kila noti kama kupe. Kila alipogusa uzi, ulilia. Nikauzima mtambo haraka kama mtu anayefunika sufuria inayofurika.

"Mtambo unaumwa," nilimwambia mke wangu.

Nikaweka diski ya kwaya. Kwaya ikatoka safi kabisa, kila sauti mahali pake. Mtu mwenye akili angetua hapo akafikiri. Mimi nilikuwa na elimu.

Nikaanza matibabu. Kwanza nilishuku ethi, ule waya unaopeleka umeme mbovu ardhini. Nikapigilia chuma kirefu nyuma ya nyumba na kila jioni nikawa nakimwagilia maji, kwa kuwa udongo wenye unyevu hupitisha umeme vizuri zaidi. Jirani alinitazama juma zima akiwa upande wake wa ua, kisha akashindwa kujizuia, akaniuliza zao lile huvunwa mwezi gani. Baadaye nikashuku mtetemo. Nikaenda Tabaka kwa wale wanaochonga wanyama wa mawe laini, nikaagiza kibao cha kukalia mashine, upana hivi, unene hivi, kiwe sawasawa juu na chini. Mchongaji alinisikiliza kwa adabu, akauliza ni mnyama gani. Nikamwambia si mnyama. Akanichongea kibao, lakini pembeni aliweka mkia mdogo, nadhani kwa kunihurumia.

Mkwaruzo haukutikisika.

Jibu nililipata katika jarida la Kiingereza ambalo yule mzungu aliniachia pamoja na mashine, jarida la watu wanaosikiliza spika badala ya muziki. Liliniambia nilichokuwa nataka kuambiwa: kosa si langu. Diski, lilieleza, haina sauti ndani yake. Ina nambari tu, maelfu kwa maelfu. Ndani ya kila mashine kuna kigeuzi, kijidude kinachozigeuza zile nambari kuwa sauti, na vigeuzi vinavyokuja ndani ya mashine za kawaida ni takataka. Mtu mwenye masikio hununua kigeuzi chake peke yake, ndani ya sanduku lake, akakiunganisha kwa waya wa heshima. Nililisoma lile jarida mara nyingi hadi kurasa zikalainika. Basi ilikuwa wazi. Babu yangu alikuwa mzima; alikuwa anageuzwa vibaya.

Mjini Kisii kulikuwa na mtu mmoja tu wa kumwendea. Alikuwa mzee wa Kihindi, babu yake ndiye aliyefungua lile duka, na Ekegusii alikizungumza vizuri kuliko walimu wengi wa shule yetu. Mbele aliuza mablanketi, masanduku ya shule, sufuria na sare. Juu ya meza ya pesa kulikuwa na picha ndogo ya mungu wake na udi ukifuka. Lakini nyuma ya duka, ukipita katikati ya marobota ya vitambaa, mlikuwa na chumba kilichotandikwa mazulia hadi ukutani, na humo ndimo alimoweka mali ya moyo wake: mitambo ambayo ndugu zake walimletea kutoka Uingereza kipande kwa kipande. Katikati ya chumba kulikuwa na kiti kimoja. Sauti nzuri, aliniambia, haina nafasi ya watu wawili.

"Mwalimu, unataka kigeuzi ya kusikiza nini?" aliuliza.

"Babu yangu," nikasema, na nikamtolea diski.

Hakucheka. Hilo nampa mpaka leo.

Kigeuzi cha kwanza kilikuwa cheusi na kizito kama jiwe la kusagia. Tuliketi kungoja, kwa sababu nyuma ya duka kulikuwa na kinu cha mahindi, na kilipokuwa kikisaga umeme ulipungua hadi taa zikawa za manjano, na hakuna mtu anayejiheshimu anayeweza kusikiliza kigeuzi wakati watu wanasagiwa unga. Kinu kikanyamaza. Kwaya ikaimba, na kweli nilisikia vitu ambavyo sikuwahi kuvisikia, mathalani kwamba mmoja wa waimbaji wa besi alikuwa na mafua. Nikatikisa kichwa kama watu wa jarida. Nikasema kuna hewa kati ya sauti. Mzee akakubali kwamba hewa ipo. Halafu nikaweka nambari saba.

Babu akakohoa, akapiga, na mkwaruzo ukaja.

"Hapana," nikasema.

Nilirudi wiki iliyofuata. Kigeuzi cha pili kilikuwa cha fedha na juu yake palikuwa na vyupa viwili vya kioo vilivyowaka rangi ya makaa. Hiki, mzee alieleza, lazima kipate moto kwanza. Tukanywa chai ya tangawizi tukakingoja kama mgonjwa wa malaria. Kilipopata moto, sauti ilikuwa na joto; nilisema hivyo, "ina joto," na nikajisikia mtu mkubwa sana. Nambari saba ikaingia. Mkwaruzo ulikuwa palepale, isipokuwa sasa na wenyewe ulikuwa na joto.

"Hapana."

Cha tatu kilikuja kwa masanduku mawili, moja la kazi na moja la kulisha lile la kazi umeme tu, kama mfalme na mpishi wake. Bei yake sitaitaja hapa, maana mke wangu anaweza kusoma. Tulisikiliza asubuhi, kabla ya mvua ya alasiri kuanza kupiga mabati, na nakiri kwamba sijawahi kusikia kitu kama kile. Babu alikuwa chumbani. Nilisikia kiti chake kikilalamika. Nilisikia pumzi ikiingia kabla ya neno. Na mkwaruzo ulitoka wazi kiasi kwamba ningeweza kuuchora ubaoni. Kadiri kigeuzi kilivyokuwa bora, ndivyo ule ugonjwa ulivyozidi kunawiri.

Nilishika kichwa. Mzee akaketi juu ya robota la vitambaa.

"Mwalimu, hii kigeuzi haina makosa," alisema. "Pengine hiyo kitu unasikia ni yake."

"Yake nani?"

"Ya babu. Ya hiyo obokano." Akanyoosha kidole hewani kama anagusa uzi. "Kwetu kuna chombo ya nyuzi, mama yangu alikuwa nayo. Fundi anaweka kauzi kembamba ka pamba chini ya kila waya, ndiyo ilie hivi hivi. Ikikosa kulia tunasema imekufa. Tunarudisha kwa fundi."

Nikamtazama kwa huruma ya mtu mwenye shahada. Yaani Mhindi wa mablanketi anifundishe mimi, Mgusii mtoto wa Mgusii, obokano inavyolia! Damu ilinipanda hadi masikioni, yale masikio yangu maarufu.

"Mzee, wewe unataka kuuza tu."

"Nataka kuuza, ndiyo. Duka ni ya kuuza. Lakini kudanganya sitaki." Akainuka. "Uliza mtu alikuwa anakaa karibu na yeye."

Mtu huyo alikuwa mmoja tu duniani, na ndiye hasa niliyetaka kumwekea mambo tayari. Ningemwulizaje? Unamkaribisha mgeni chakula, halafu unamwita jikoni aonje kama kimeungua? Sikumwuliza. Nikalipa kile cha tatu kwa bonasi ya mwaka ya majani chai yetu, nikaondoka na masanduku yangu mawili bila kuaga vizuri.

Wakati huo wote, kila Jumapili nilikuwa nakwenda Gesima. Mwanzoni nyanya alinipokea njiani, mkono kwenye paji la uso.

"Amefika?"

"Bado yuko mjini, nyanya. Anatengenezwa."

"Anatengenezwa? Alikuwa ameharibika wapi?"

Nikacheka, naye akacheka. Mwezi wa tatu alinipokea akiwa kwenye kigoda mlangoni. Mwezi wa nne aliniuliza kutoka kitandani, na hakuongeza utani. Mikono yake ilikuwa imekonda hadi bangili ya shaba ilipanda na kushuka kama inatafuta njia ya kutoka. Niliogopa. Nasema wazi kwamba niliogopa, na bado sikuchukua ile mashine yangu ya kawaida nikamletea hata na betri ya gari, kwa sababu nilikuwa nimeapa sitampa babu mwenye kasoro. Nyani haoni kundule. Mimi nilikuwa nyani mwenye bisibisi.

Maana nyumbani Kiogoro, kigeuzi cha kifalme kilikwaruza vilevile. Nikakesha siku mbili nikikikodolea macho. Siku ya tatu, baada ya vipindi, nikakifungua. Mtu mwingine angeogopa kuingiza bisibisi katika kitu cha bei ile. Mimi nilikuwa nimefundisha mawimbi kidato cha tatu kwa miaka tisa. Nilijua kwamba kapasita, ukiiweka mahali sauti inapotokea, humeza mawimbi membamba na kuyaacha manene yapite. Nikang'oa mbili kutoka redio iliyokufa, nikapasha chuma cha kulehemu, nikazichomelea ndani. Mkwaruzo ukafifia. Nikaongeza mbili. Ukafifia zaidi. Nikaongeza nyingine, na nyingine, hadi ndani ya lile sanduku zuri pakawa kama kiota cha ndege asiye na mpango. Kwaya sasa iliimba kama imefunikwa blanketi. Sikujali kwaya.

Nikaweka nambari saba. Uzi wa kwanza ukatoka mviringo, mzito, laini, bila hata chembe ya mkwaruzo. Hiyo ndiyo ilikuwa obokano niliyoijua! Sauti ileile iliyokuwa ikinijia utotoni jioni, nzito na ya huzuni. Machozi yalinilenga. Mengi niliyalia kwa ajili ya ustadi wangu.

Kesho yake nikaazima pikapu ya mwalimu mkuu, nikamfuata nyanya. Alikuwa ameshavaa tangu alfajiri. Hakuvaa kitambaa cheupe cha kanisani; alifunga kingine chekundu chenye maua, ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukiona. Tulipofika Keumbu aliniamuru nisimame. Akanunua kichane cha ndizi mbivu kupitia dirishani, akabishana na mwuzaji kwa nguvu ambazo daktari hangeziamini, akaziweka mapajani. Haendi mtu kwa mwanamume mikono mitupu, alisema. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nyumbani mke wangu alimpa uji, nikamkalisha kwenye kiti nilichokipima kwa futi, umbali sawa kutoka kila spika. Nyanya aliyatazama masanduku.

"Yuko kwenye lipi?"

Nikamweleza kwa fahari, kwa maneno rahisi. Babu aligeuzwa nambari. Nambari zinaingia hapa. Hapa zinageuzwa babu.

"Na nani aliwaomba mmgeuze?"

Nikabonyeza. Babu akakohoa, na mikono ya nyanya ikakamata ndizi. Halafu obokano ikaanza, safi, nzito, na juu yake sauti ya babu ikiimba. Niliutazama uso wake badala ya kusikiliza. Nilingoja kitu. Alisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikiliza hotuba ya mgeni rasmi, hadi mwisho.

"Ndiye," alisema.

"Ndiye, nyanya!"

"Lakini yuko mbali."

Nikaongeza sauti, nikarudisha mwanzo. Vikombe vikatetemeka kabatini. Akainua mkono nipunguze.

"Sijasema yuko chini. Nimesema yuko mbali."

Nikamweleza kwamba umbali ni sifa. Kwamba jarida linasema mtambo mzuri humweka mwimbaji nyuma kabisa ya spika, penye kina. Naapa nilimwambia hivyo bibi wa miaka themanini na kitu, mwenye moyo mbovu, ambaye miezi mitano alikuwa ananingoja. Aliniacha nimalize.

"Wewe hukukaa naye," alisema. "Mimi nilikaa naye kabla ya kanisa. Akipiga, nilikuwa nakaa hapa." Akagusa bega lake la kushoto, kama bado kuna mtu. "Kile kitu kilikuwa na nyuki ndani. Ukiwa karibu, unawasikia wale nyuki kwenye meno yako. Mpiga obokano asiye na nyuki alikuwa anachekwa, anaambiwa aende akachunge mbuzi. Halafu nikabatizwa, nikamfukuza nayo. Akaenda kwa rafiki yake ng'ambo ya mto, akawa anakaa kwenye kile kilima cha pili, anaelekea kwetu, anapiga. Kila jioni. Nilijua ananipigia mimi. Lakini nyuki hawakuvuka mto. Kilichofika kilikuwa hiki." Akaelekeza kidevu kwenye spika zangu. "Miaka yote hiyo, mpaka akafa, nilimsikia hivi hivi. Sikutoka Gesima leo kuja kusikia ng'ambo ya mto."

Mtu huambiwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mimi nilikuwa nimevunja la mtu mwingine. Nilichukua miezi mitano ya mwanamke asiyebakiwa na mingi, nikaitumia kumtoa babu nyuki mmoja mmoja. Aibu iliniwaka usoni kama pilipili. Nikapiga magoti nyuma ya mtambo, nikazing'oa zile nyaya za heshima, nikauchukua ule waya mwembamba uliokuja na mashine siku ya kwanza, nikaiunganisha mashine na amplifaya moja kwa moja. Masanduku mawili ya kifalme niliyasukuma chini ya meza. Mzee wa dukani alikuja kuyakataa baadaye nilipotaka kuyarudisha, na alikuwa na haki. Alitazama kiota kilichokuwa ndani, akafunga kifuniko polepole kama anayefunika maiti.

"Nyanya, ngoja," nikasema. "Nimekosea."

Babu akakohoa. Akapiga. Ule mkwaruzo ukajaa nyumba nzima, kwenye meza, kwenye vioo, kwenye meno.

Nyanya alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ndogo, ya msichana. Aliinuka peke yake, yeye aliyekuwa anainuliwa na watu wawili. Akakiacha kile kiti changu kilichopimwa, akaburuta kigoda hadi kwenye spika ya kulia, akaketi kwa namna ya kwamba bega lake la kushoto liliigusa. Ndizi akaziweka chini, mbele yake. Wimbo ulipokwisha na mzee wa nambari nane kuanza, aligeuka kwa hasira.

"Yaya, hapana! Huyu simjui. Nirudishie wangu."

Nikabonyeza kitufe cha kurudia, kirudie nambari saba bila kukoma. Akasikiliza mara moja, na mara ya pili, akiwa amefumba macho, midomo ikienda. Mara ya tatu akafumbua.

"Tokeni nje," alisema. "Mke mwenza, na wewe pia."

"Nyanya, ikiharibika..."

"Toka, mtoto."

Hakuwahi kuniita mtoto. Tulitoka, mimi na mke wangu, nikafunga mlango. Mvua ya alasiri ilikuwa bado haijafika, na pale kibarazani kulikuwa kimya isipokuwa kuku. Nilimsikia nyanya akizungumza ndani kwa Ekegusii, haraka haraka, kama mtu mwenye mengi, akinyamaza, akizungumza tena. Maneno sikuyapata, na nilijua hayakuwa yangu. Mke wangu alinishika mkono.

Nikasogeza sikio mlangoni. Mbao zilikuwa nene. Obokano ilipita, nzito na laini, bila mkwaruzo hata kidogo, sauti ileile safi niliyoitafuta kwa miezi mitano. Nilisimama nikiisikiliza, na sikuitaka.